Jina Lililomo Tumboni mwa Mbung'o

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma maisha ya wafalme, majemadari na wasafiri. Mtu ambaye nataka kuwaeleza habari zake hakutawala nchi wala hakuongoza jeshi. Sehemu kubwa ya maisha yake aliketi mbele ya darubini akitazama matumbo ya wadudu. Hata hivyo jina lake lipo hapa kwetu Mukuju, nalo halikuandikwa juu ya jiwe wala juu ya mlango wa shule. Limo tumboni mwa kila mbung'o arukaye kando ya mito ya Tororo na Busia. Jina lenyewe ni Vincent Brian Wigglesworth. Ndimi zetu hazikulizoea, na wenzangu darasani walicheka sana nilipojaribu kulisoma mara ya kwanza. Tangu siku ile mimi mwenyewe huitwa Wigo. Sina hasira nao.

Yafaa nieleze kwanza sababu ya kumchagua mtu huyu. Babu yangu alikuwa na jozi moja ya maksai wa kulimia, mmoja mwekundu na mmoja mweupe mwenye madoa. Nilipokuwa bado shule ya msingi yule mwekundu alianza kukonda. Majani yalikuwa mengi, lakini mbavu zake zilihesabika, manyoya yakasimama, macho yakatoka machozi, na jioni wakati wa kurudi akawa wa nyuma siku zote. Tulimwita mganga wa mifugo, akaja akamchoma sindano, lakini sisi wenyewe tulikuwa tumechelewa kumwita. Yule maksai alikufa wiki ile ile iliponyesha mvua ya kwanza. Maksai mmoja hawezi kuvuta plau peke yake. Basi mwaka ule tulilima kwa majembe ya mkono, tukapata wimbi kidogo na mihogo, na dada yangu mkubwa, aliyekuwa amefaulu mtihani wa kuingia sekondari, akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa karo.

Ugonjwa uliomwua maksai wetu huitwa nagana. Huletwa na mbung'o, ambaye humwuma mnyama mgonjwa, akanywa vijidudu pamoja na damu, kisha akavipeleka kwa mnyama mzima. Ndugu wa vijidudu hivyo huwaletea watu malale. Wazee wa kwetu hawayataji malale kwa mzaha. Wanaikumbuka miaka ya 1980, ugonjwa ulipotoka Busoga, ukaingia Tororo, hata ukavuka mpaka mpaka Busia ya Kenya. Na mjini Tororo kwenyewe, tangu miaka ya 1950, palikuwa na makao ya shirika la Afrika Mashariki la kuchunguza magonjwa haya mawili, lililojulikana kwa jina la EATRO. Kwa hiyo mbung'o kwetu si habari ya kitabuni.

Sasa siku moja Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe alikuwa akitufundisha habari za chakula. Alisema hapana kiumbe mwenye mwili kama wetu awezaye kuishi kwa chakula cha namna moja tu, kwa kuwa atakosa vitamini, na akizikosa atadhoofika hata afe. Nikanyosha mkono. Nikauliza habari za mbung'o, maana nilijua tangu kuchunga kwamba mbung'o hali jani, hali tunda, hali nyama. Hunywa damu tu, dume kwa jike, tangu siku ya kwanza ya kuruka mpaka siku ya kufa. Na damu ina upungufu wa baadhi ya vitamini. Mbona yeye hadhoofiki? Mwalimu hakunijibu. Aliandika ubaoni lile jina refu, akaniambia nimtafute mtu huyo, nikisha kumpata nitakuwa nimepata jibu.

Wigglesworth alizaliwa tarehe 17 Aprili 1899 katika mji mdogo wa Kirkham, Lancashire, upande wa kaskazini-magharibi wa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Tangu utoto alipenda kufuga viwavi na kuwatazama wakigeuka kuwa nondo na vipepeo. Nadhani mtoto wa namna hiyo angekuwa kwetu angetumwa kuteka maji mara tatu kwa siku mpaka aache. Alisoma shule ya Repton, kisha akapata nafasi katika chuo cha Gonville and Caius, Cambridge. Lakini ulikuwa wakati wa Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1917 aliingia jeshi la mizinga akapelekwa Ufaransa. Vijana wengi wa rika lake hawakurudi. Yeye alirudi, akaanza masomo yake upya.

Pale Cambridge alipata bahati kubwa, nayo ndiyo iliyomfaa baadaye kwa mbung'o. Alifanya kazi chini ya Frederick Gowland Hopkins. Huyu Hopkins ndiye aliyeonyesha, katika maandishi yake ya mwaka 1912, kwamba panya wakilishwa chakula kilichosafishwa sana, chenye wanga, mafuta na protini tele, huacha kukua. Wakiongezewa maziwa kidogo tu, hukua tena. Ndani ya maziwa yale mlikuwa na vitu vidogo ambavyo watu hawakuvijua, navyo ndivyo tunavyoviita vitamini leo. Basi kijana Wigglesworth alikaa miaka miwili katika nyumba ya elimu ambamo jambo hili lilikuwa likisemwa kila siku. Wenzake wengine waliojifunza wadudu wakati ule hawakupata malezi hayo.

Baadaye alikwenda London katika hospitali ya St Thomas's akahitimu udaktari. Angeweza kufungua dawa kama baba yake na kupata fedha nzuri. Lakini mwaka 1926 alichukuliwa na Patrick Buxton kufundisha habari za wadudu waletao maradhi katika chuo cha London cha afya na magonjwa ya nchi za joto. Buxton aliona kwamba watu walikuwa wakijaribu kuwaua wadudu pasipo kujua wadudu wanaishije: wanapumuaje, wanayeyushaje chakula, wanakuaje. Kazi ya Wigglesworth ikawa kuyajua hayo, naye hakuiacha kazi hiyo mpaka uzee.

Mdudu mmoja wa kwanza aliyemchunguza kwa makini alikuwa mbung'o. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana lazima tuingie tumboni.

Mbung'o akipasuliwa chini ya darubini huonekana jambo la ajabu. Sehemu ya mbele ya utumbo wake imenenepa mahali pamoja, ikawa nyeupe kama maziwa. Pale pana seli kubwa kupita kiasi, na kila seli imejaa vitu vidogo vyenye umbo la vijiti. Mmoja wa waliozieleza seli hizo zamani ni Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa nyumba ya uchunguzi ya Amani, kule milima ya Usambara katika Tanzania ya leo. Maandishi yake yalitoka mwaka 1907. Baada yake Mfaransa Émile Roubaud, mwaka 1919, alisema kwamba vijiti hivyo ni viumbe hai, na kwamba kazi yao ni kumsaidia mbung'o kuyeyusha damu. Neno hili liliwaingia watu akilini kwa urahisi. Mahali penyewe ni utumboni, chakula chenyewe ni damu, basi kazi itakuwa nini tena kama si kuyeyusha?

Wigglesworth hakuridhika. Alifanya jambo ambalo kila mtoto wa shule angeweza kulifikiri, lakini hapana aliyelifanya vizuri kabla yake: aliifuata damu hatua kwa hatua ndani ya utumbo, akatazama inabadilika wapi. Aliona kwamba mbung'o akisha kunywa, kazi ya kwanza ni kuondoa maji. (Sisi tuliochunga tumeiona kazi hiyo. Mbung'o aliyeshiba hutua juu ya jani au ukuta, akatoa matone ya maji maangavu kwa nyuma, moja baada ya jingine, kwa kuwa ni mzito hawezi kuruka mbali.) Katika sehemu yote ya mbele, pamoja na pale penye seli kubwa, damu huwa nzito lakini hubaki nyekundu. Haijayeyushwa hata kidogo, wala vimeng'enya vya kuyeyushia havipo. Inapofika katikati ya utumbo ndipo inapogeuka nyeusi ghafula, na hapo vimeng'enya ni vingi. Maana yake, wale wageni walio mbele hawana kazi ya kuyeyusha damu. Damu huwapita ikiwa bado nzima.

Alitoa maandishi hayo mwaka 1929. Mwaka ule ule mwalimu wake, Hopkins, alipewa tuzo ya Nobel kwa habari ya vitamini. Mambo haya mawili yalitokea mbalimbali, lakini mimi nayaona yamekaa pamoja. Kama wageni hawayeyushi chakula, basi huenda wao wenyewe ndio wanaoleta kile kinachokosekana katika chakula. Wigglesworth aliifuata fikira hiyo, lakini hakuifuata kwa mbung'o. Aliifuata kwa mdudu mwingine.

Mdudu huyo ni Rhodnius, mnyonya damu wa Amerika ya Kusini, afananaye na kunguni mkubwa mwenye miguu mirefu. Wigglesworth alimfuga maabarani miaka mingi sana, akamfanya kuwa mdudu mashuhuri kuliko wote katika elimu hii. Ananywa damu mara moja, anashiba, anajivua ngozi, anakuwa mkubwa kidogo. Anafanya hivyo mara tano mpaka awe mzima mwenye mabawa. Mwaka 1934 Wigglesworth alionyesha kwamba akimkata kichwa mdudu huyu mara baada ya kula, mdudu hafi upesi. Huweza kuishi miezi mingi bila kichwa, ila havui ngozi. Akichelewa siku chache kumkata, huvua ngozi kama kawaida. Kisha akawaunganisha wawili, damu ya mmoja ikaingia kwa mwingine, na yule asiyekuwa na haki ya kuvua ngozi akavua. Basi amri ya kukua hutoka kichwani na kusafiri katika damu. Miaka miwili baadaye akaeleza amri nyingine, ile inayomzuia mdudu asiwe mzima kabla ya wakati wake. Huitwa homoni ya utoto. Siku hizi ziko dawa za kuua wadudu zinazoiga homoni hiyo. Mdudu akizipata hubaki mtoto asiyekua, au hufa njiani.

Kwa kazi hii ndipo alipojulikana duniani. Lakini kwa habari yetu ya leo, lililo kubwa ni jambo ambalo vitabu vingi hulipita kwa sentensi moja. Rhodnius naye ana mgeni wake, bakteria akaaye utumboni. Haingii ndani ya seli kama yule wa mbung'o, na mtoto huupata kwa njia isiyopendeza kutajwa mezani, yaani kutoka katika mavi ya wakubwa. Wigglesworth aliandika habari za bakteria huyo mwaka 1936. Kisha mwaka 1944, pamoja na mwenzake Brecher, akaeleza jaribio lenyewe. Walipata wadudu wasio na mgeni, wakawalisha damu ile ile waliyopewa wenzao. Damu ilikuwa tele, lakini wadudu wale hawakukua sawasawa, na walio wengi hawakufika utu uzima. Waliporudishiwa bakteria, wakakua. Nilipolisoma hili niliwakumbuka panya wa Hopkins na yale maziwa kidogo.

Mwaka 1939 alitoa kitabu kikubwa juu ya miili ya wadudu na kazi zake, ambacho wanafunzi wa elimu hiyo walikitumia kwa miaka mingi, naye akaingizwa katika Royal Society. Vita ya pili ilipokuja alipewa kuongoza kikundi cha uchunguzi, na baadaye akahamia nacho Cambridge. Wakati ule alifanya kazi moja ndogo ambayo bibi yangu angeifurahia. Watu wa nchi nyingi walijua tangu zamani kwamba vumbi huua wadudu wa nafaka. Hapa kwetu maharagwe huchanganywa na majivu kabla ya kuwekwa ghalani. Lakini majivu si sumu, sasa yanauaje? Wigglesworth alionyesha kwamba ngozi ya mdudu imepakwa nta nyembamba inayozuia maji yasitoke mwilini. Mdudu akitambaa katika vumbi kali, nta ile hukwaruzwa, maji humtoka, akakauka akafa. Bibi amefanya hivyo maisha yake yote, na nilipomweleza sababu alisema alijua zamani kwamba fukusi hufa kwa kiu. Sikubishana naye.

Jambo jingine la miaka hiyo lanifanya nimheshimu. Dawa ya DDT ilikuwa mpya, na kila mtu aliisifu kama mwisho wa wadudu duniani. Mwezi wa Desemba 1945 Wigglesworth, ambaye kazi yake ilikuwa kusaidia kuua wadudu, aliandika katika gazeti moja la Marekani akionya kwamba dawa hiyo haichagui. Itaua wabaya pamoja na wale wanaowala wabaya, na pengine wabaya watarudi wakiwa wengi kuliko kwanza. Kitabu cha Rachel Carson, kilichowaamsha watu wengi juu ya jambo hili, kilitoka mwaka 1962, yaani miaka kumi na saba baadaye.

Mwaka 1952 akawa profesa wa Cambridge, na mwaka 1964 malkia akampa cheo cha Sir. Alistaafu, lakini hakuacha darubini. Hata alipopita miaka 80 aliendelea kuchunguza na kuandika. Alikufa mwezi wa Februari 1994, karibu atimize miaka 95.

Mwaka uliofuata, 1995, mama mmoja mtaalamu wa chuo cha Yale, Marekani, Serap Aksoy, alimpa jina yule mgeni wa mbung'o, ambaye mpaka hapo hakuwa na jina lililokubaliwa. Aliita Wigglesworthia glossinidia, kwa heshima ya mzee aliyemwangalia kwa makini hivyo mwaka 1929. Nafikiri ni heshima ya ajabu kidogo. Wengine hupewa jina la mlima.

Tangu hapo mambo mengi yamejulikana, na yote yanaanzia pale alipofika yeye. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama nzi wa chooni. Huzaa buu mmoja tu kwa wakati mmoja, kila baada ya siku tisa au kumi hivi. Buu huyo hulelewa ndani ya tumbo la mama, naye hunyonya maziwa, maana mbung'o ana tezi za maziwa. Ndani ya maziwa hayo mama humpa mtoto wake bakteria. Kwa hiyo mbung'o humpata mgeni wake kwa mama, kama mama alivyompata kwa bibi, kurudi nyuma mamilioni ya miaka. Kwa kukaa pamoja muda mrefu hivyo, yule bakteria amesahau kujitegemea. Mwaka 2002 wataalamu walisoma urithi wake wote, wakaona una herufi 700,000 hivi tu, hali bakteria wa kawaida wa matumbo yetu ana zaidi ya 4,000,000. Ametupa karibu kila kitu alichoweza kupewa na mwenyeji wake. Lakini hakutupa ujuzi wa kutengeneza vitamini za kundi la B. Hizo ndizo kodi yake ya nyumba.

Mwalimu aliponiuliza kama nimepata jibu la swali langu, nilimweleza hayo. Na kweli limethibitishwa: mbung'o jike akipewa damu yenye dawa ya kuua bakteria wake, huishi, lakini huwa tasa. Akiongezewa vitamini B katika damu hiyo, uzazi hurudi kwa sehemu.

Mimi niliposoma hapo nilifurahi sana, nikakimbia nyumbani mwisho wa juma kumwambia babu. Nilidhani nimepata silaha. Tuwaue wageni, mbung'o watakuwa tasa, maksai watapona. Babu alisikiliza, kisha akauliza ni nani atakayempa mbung'o dawa kichakani, na atampaje, iwapo mbung'o hanywi kitu kingine ila damu ya ng'ombe wetu wenyewe. Nikakosa la kusema.

Nilipozidi kusoma nikaona shauri ni gumu zaidi. Wataalamu walifanya jaribio la kuwapa mbung'o majike dawa fulani inayowaondoa bakteria walio katika maziwa tu, ili watoto wazaliwe bila mgeni. Watoto hao walikuwa tasa kama ilivyotazamiwa, na maisha yao yalikuwa mafupi. Lakini vilevile vijidudu vya nagana na malale viliwaingia kwa urahisi kuliko wenzao. Yaonekana mgeni huyu, pamoja na kulisha, husaidia mwili wa mbung'o kujenga ulinzi wake tangu ubuu. Maana yake ni kwamba adui yetu mbung'o na adui yetu nagana hawapatani wenyewe kwa wenyewe, na mgeni wa mbung'o yuko upande wa mwenyeji wake. Mtu akiingia katika ugomvi wa watu watatu bila kuwajua vizuri, aweza kumsaidia asiyemtaka.

Faida, hata hivyo, imekwisha kuonekana, tena katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Katika kisiwa cha Unguja walikuwako mbung'o walioua ng'ombe wengi. Tangu mwaka 1994, mwaka ule ule aliokufa Wigglesworth, ndege zilimwaga mbung'o madume yaliyohasiwa kwa mionzi, mamilioni, wakajamiiana na majike ya porini, na majike yale hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa porini alipatikana mwaka 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa kimetakaswa. Mbung'o hao walifugwa Tanga, nyumba nzima ya mbung'o, wakilishwa damu kila mara. Sasa fikirini: mtu anayefuga mbung'o kwa mamilioni lazima awalinde wageni wao kuliko mchungaji anavyolinda ndama. Akikosea akaweka dawa katika damu ile, majike ya kufugia yatakuwa tasa na kazi yote itasimama. Unguja lakini ni kisiwa. Bara mbung'o hutoka upande huu wa mpaka akaenda upande ule bila kuuliza mtu, kwa hiyo kwetu bado tunategemea mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, na kuwapaka ng'ombe dawa.

Likizo iliyopita nilipata mbung'o wawili katika mtego mmoja karibu na mto, nikaomba ruhusa ya kuwapeleka shuleni. Mwalimu aliwapasua kwa sindano mbili chini ya darubini, akanionyesha. Bakteria wenyewe ni wadogo mno, darubini yetu haiwezi. Lakini lile nene jeupe la utumboni nililiona wazi, dogo kama kipande cha uzi. Mbele yake damu ilikuwa nyekundu. Nyuma, mbali kidogo, ilikuwa nyeusi, kama yule mzee alivyoandika mwaka 1929.

Jioni nilimweleza babu niliyoyaona. Akauliza kama na yule mgeni hunywa damu ya ng'ombe. Nikamjibu kwamba yeye hamwumi mtu wala mnyama. Hukaa tu ndani ya mwenyeji wake na kumlisha. Babu akanyamaza kidogo, akasema kumbe hata mbung'o ana jozi yake. Kisha akasimama akaenda kumfunga yule ndama mwekundu ambaye, Mungu akipenda, atafundishwa kulima mwaka ujao.